Samuel Wanjiru na Mavuno Yasiyo na Ghala

Mwanamichezo kijana anapofariki ghafla, jamii zetu humzika kwa sentensi mbili. Ya kwanza ni ya sifa: alikuwa na kipaji cha ajabu. Ya pili ni ya hukumu: aliponzwa na fedha, pombe na starehe. Baada ya hapo waombolezaji hutawanyika, na kila mmoja huamini kwamba kisa kimekwisha. Makala haya yanaihoji sentensi ya pili. Sidai kwamba ni ya uongo. Ninadai kwamba inatuachia huru mapema mno sisi tuliobaki hai, hasa wale tuliokabidhiwa dhamana ya kulea vijana.

Kisa ninachokirejea ni cha Samuel Wanjiru wa Nyahururu, nchini Kenya. Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1986, akalelewa na mama yake katika maisha ya dhiki, na jina alilolibeba duniani kote lilikuwa la upande wa mama. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alipelekwa Japani kusoma shule ya sekondari mjini Sendai kwa sababu ya miguu yake. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji: mtoto wa umri wa kidato cha pili, katika nchi ambayo hakuijua lugha yake, chakula chake wala baridi yake, akiwa na kazi moja tu, nayo ni kukimbia.

Alikimbia kweli. Mwaka 2005, kabla hajatimiza miaka 19, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni mjini Rotterdam. Mwaka 2007 aliishusha rekodi hiyo hadi dakika 58 na sekunde 33. Tarehe 24 Agosti 2008, mjini Beijing, katika joto ambalo wataalamu walidhani lingewalazimisha wakimbiaji kwenda polepole, yeye aliondoka kwa kasi tangu mwanzo na kumaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, akiwa na umri wa miaka 21. Rekodi ya Olimpiki aliyoiweka siku ile ilidumu miaka 16, hadi Tamirat Tola wa Ethiopia alipoivunja mjini Paris mwaka 2024. Mwaka 2009 alishinda London na Chicago, na mwaka 2010 akashinda Chicago tena. Mara mbili mfululizo alitwaa ubingwa wa jumla wa marathoni kuu za dunia, ambao zawadi yake ilikuwa dola za Marekani 500,000 kila mara.

Upande wa pili wa maisha yake ulikwenda kwa kasi ileile. Mwezi Desemba 2010 alikamatwa na kushtakiwa kwa kumtishia mke wake kwa bunduki na kumiliki silaha kinyume cha sheria. Mke aliliondoa lalamiko lake. Shitaka la silaha likabaki. Habari za ulevi na ugomvi wa nyumbani zilikuwa zimeshaenea. Usiku wa Jumapili tarehe 15 Mei 2011, baada ya mgogoro wa kinyumba, alianguka kutoka roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu na kufariki. Alikuwa na miaka 24. Walikuwapo waliosema alijiua, waliosema ni ajali, na mama yake aliyeshikilia kwamba mwanawe aliuawa. Hata mazishi yalicheleweshwa kwa wiki kadhaa na mvutano wa familia uliofika mahakamani.

Hapa ndipo sentensi ya hukumu hutolewa. Wenye kuihukumu hurudia hoja moja yenye nguvu, nami sitaki kuikwepa. Husema: mbona Eliud Kipchoge alipata umaarufu na fedha akiwa kijana vilevile, na hakuanguka? Alikuwa na miaka 18 alipokuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris mwaka 2003. Ametwaa dhahabu mbili za marathoni ya Olimpiki. Ikiwa yeye aliweza, basi tofauti ni tabia ya mtu, na serikali haina la kufanya kuhusu tabia ya mtu.

Tuuangalie ulinganisho huo kwa makini, kwa kuwa ukichunguzwa vizuri unathibitisha kinyume chake. Kipchoge alilelewa kimichezo na Patrick Sang, aliyetwaa medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Wanjiru naye, baada ya shule, aliingia katika timu ya kampuni ya Toyota Kyushu chini ya Koichi Morishita, aliyetwaa medali ya fedha ya marathoni katika Olimpiki hiyohiyo ya Barcelona. Kila mmoja, basi, alikuwa na mlezi aliyejua ushindi na kushindwa. Tofauti ni kwamba Kipchoge alibaki na mlezi wake kwa zaidi ya miaka 20, akiishi siku nyingi za juma katika kambi ambamo bingwa wa dunia huosha vyoo kwa zamu kama wenzake. Wanjiru aliondoka katika timu ile ya Japani mwaka 2008. Mwaka huohuo ulimletea dhahabu. Ratiba, kocha, wenzake na utaratibu uliomwamsha asubuhi tangu akiwa mtoto viliondoka kwa pamoja, na mahali pake pakaja fedha, marafiki wapya na mji mdogo ambamo kila mtu alimjua na kila mtu alikuwa na shida ya kumweleza.

Kwa hiyo Kipchoge hathibitishi kwamba tabia ya mtu peke yake inatosha. Anathibitisha kwamba tabia hutunzwa na mazingira, na kwamba mazingira hayo hujengwa na watu wenye majina, mishahara na wajibu. Wanjiru mwenyewe alipenda kueleza kwamba Japani ilimfundisha neno gaman, yaani kustahimili. Alistahimili jua la Beijing. Ila ustahimilivu wa kukimbia kilomita 42 haumfundishi mtu namna ya kumkatalia ndugu wa kumi anayeomba ada, wala namna ya kukaa na mke katika nyumba ambayo hajawahi kuishi ndani yake kama mtu mzima.

Ninaandika haya nikiwa Mpui, katika Lyangalile, na msomaji anaweza kuuliza Nyahururu inatuhusu nini sisi wa Rukwa. Inatuhusu kwa mambo mawili.

Kwanza, vipaji tunavyo. Watoto wa uwanda wa Ufipa hukulia katika mwinuko, hutembea umbali mrefu kwenda shule, na kila mwaka tunawaona katika UMITASHUMTA na UMISSETA wakishindana kwa miguu mitupu. Nchi yetu si ngeni katika mbio: Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, yeye na Suleiman Nyambui wakaleta medali za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, na mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Ushindi kama huo huamsha mawakala. Watakuja kutafuta vijana wengine, na hakuna sababu ya kudhani kwamba wataishia Arusha, Manyara na Singida.

Pili, sisi wakulima tunajua jambo ambalo taasisi za michezo hazijalijua: mavuno makubwa bila ghala ni hasara iliyocheleweshwa. Kila msimu, mahindi ya Ufipa yakikauka, swali la kwanza ni yatawekwa wapi. Kwa ajili hiyo kuna vihenge vya kaya, na kwa ajili hiyo Serikali kupitia NFRA ina maghala mjini Sumbawanga. Hakuna afisa kilimo atakayemlaumu mkulima kwa tabia mbaya ikiwa mahindi yameozea mvuani kwa kukosa ghala. Lakini kijana anapovuna umaarufu na mamilioni akiwa na miaka 20, hatumjengei kihenge chochote, na yanapooza tunamlaumu yeye.

Nini basi kifanyike? Ninapendekeza mambo manne, na kila moja lina mlango wake serikalini tayari.

La kwanza ni mkataba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Mtoto asipelekwe nje ya nchi kwa jina la michezo bila mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, kusomwa na mzazi mbele ya mwanasheria, na nakala yake kubaki Baraza la Michezo la Taifa. Mzazi anayetia dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza hajakubali chochote.

La pili ni fedha. Sehemu ya zawadi na posho za mwanamichezo kijana iwekwe katika akaunti ya akiba ambayo hufunguliwa kwa awamu, kama tunavyokata michango ya mfanyakazi kwa ajili ya uzee wake. Mwanariadha huzeeka kikazi akiwa na miaka 35. Kumwachia kila kitu akiwa na miaka 21 ni kumlipa mafao yake yote siku ya kuajiriwa.

La tatu ni matibabu ya nafsi. Ulevi uliopindukia na huzuni nzito ni magonjwa. Mwanamichezo akiumia goti, kila kiongozi hujua hospitali ya kumpeleka. Akianza kunywa asubuhi, viongozi haohao husema ana kiburi. Maafisa michezo na maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri zetu huenda wakakaa jengo moja mwaka mzima bila kuwahi kuketi pamoja kumzungumzia kijana mmoja. Kikao hicho hakihitaji bajeti mpya.

La nne ndilo gumu zaidi, nalo linawahusu walio karibu na bingwa. Tunapomlilia Wanjiru tusimsahau mwanamke aliyefika polisi kueleza hofu yake. Mahakama haikumtia hatiani mtu yeyote kwa lalamiko lile, na sina haki ya kuhukumu. Ninachosema ni kwamba umaarufu usiwe kinga dhidi ya uchunguzi, wala mke asisukumwe kufuta lalamiko kwa ajili ya heshima ya taifa. Tarehe 13 Oktoba 2021 Agnes Tirop, mwanariadha wa miaka 25, aliuawa nyumbani kwake Iten, na mume wake akashtakiwa kwa mauaji. Wenzake waliunda kikundi cha Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake wanamichezo. Vifo hivi viwili si vya aina moja na havipaswi kuchanganywa. Lakini vyote viwili vilitanguliwa na dalili zilizoonekana na watu wengi. Madawati ya Jinsia na Watoto ya polisi yapo; yafanye kazi hata pale anayelalamikiwa ana medali shingoni. Kumdhibiti bingwa mapema ni kumlinda mke wake, na huenda pia ni kumwokoa yeye mwenyewe.

Najua baadhi ya watumishi wa umma wanaosoma haya watasema kwamba Rukwa haina bingwa wa dunia, na kwamba ninajenga ghala kabla ya kulima. Jibu langu ni kwamba ghala hujengwa kiangazi. Mvua ikishaanza kunyesha, kila mtu huwa mbioni na hakuna anayefyatua tofali. Siku kijana wa Mpui au Laela atakaporudi na medali, kutakuwa na msafara, hotuba na picha na viongozi, na hakuna atakayetaka kusikia habari za akaunti ya akiba wala mshauri nasaha.

Kwa wanafunzi wangu na kwa wanaharakati nina ombi dogo. Mtakaposikia tena sentensi ile kwamba kijana fulani aliponzwa na fedha, ulizeni maswali matatu. Nani alimpa fedha hizo bila kumfundisha kuzitunza? Nani aliziona dalili akanyamaza kwa sababu alikuwa akifaidika? Na ofisi ipi ilikuwa na wajibu wa kugonga mlango wake? Wanjiru alikuwa na makosa yake, na mtu mzima huwajibika kwa makosa yake. Lakini alitumia miaka tisa akiwafurahisha mamilioni ya watu, kuanzia umri ambao watoto wengine bado wanatumwa dukani. Katika miaka hiyo yote, wengi waliihesabu kasi yake kwa sekunde. Wachache mno walimuuliza anaishije.