Weka Chini Huo Msasa

Pale Lyulilo, jirani na Matema, siku ya soko mitumbwi ya Wakisi inapofika ufukweni na shehena ya vyungu, watazame wanunuzi. Mama anainua chungu, anakigeuza, anakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kikilia vizuri ndipo anauliza bei. Kikitoa sauti butu anakirudisha mchangani bila neno. Sasa mpelekee mama huyo chungu kilichopakwa rangi ya mafuta ndani na nje, kinang'aa kama sahani ya harusini. Atakuuliza unaficha nini.

Mama huyohuyo, mwanawe akiingia Kyela na Land Rover ya mwaka 1972 iliyotoka kupakwa rangi juzi, atapiga vigelegele. Majirani watatoka. Mtu atasema, na wengine wataitikia: limekuwa jipya!

Nina ugomvi na maneno hayo. Kutoka Kasumulu mpakani hadi Matema barabara inapokomea chini ya milima ya Livingstone, watu wazima wenye akili zao wanaamini kwamba gari la zamani lenye rangi iliyopauka limetelekezwa, na kwamba likipigwa msasa na kupuliziwa rangi limeokolewa. Mimi nasema gari la zamani lililotunzwa vizuri, ambalo bado lina rangi liliyotoka nayo kiwandani, huharibiwa siku ile linapokokotwa kwenda kwa fundi rangi. Miaka hamsini ya mvua ya Kyela haikuliweza. Fundi anamaliza kazi kwa siku tatu.

Tuanze na kinachopakwa. Land Rover ilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao. Waundaji wakatumia alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Chesisi ikabaki ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao ukabaki wa chuma. Mpango huo uliendelea kwa miongo mingi, hadi kwenye zile Land Rover ndefu ziitwazo 109 ambazo wengi wetu tulizipanda tukiwa watoto, tumebanwa kati ya magunia ya mpunga na mikungu ya ndizi. Kwa hiyo sehemu unayoiona, ile unayotamani ing'ae, haishiki kutu. Kutu inakula mifupa, huko chini, tena ikianzia ndani ya chesisi kwenda nje. Mwenye gari analipa pesa nyingi kupaka kisichooza na anakiacha kinachooza. Ni sawa na kumpaka mgonjwa wa kifua mafuta ya nazi usoni, kisha kumsifu jinsi alivyonawiri.

Rangi ya zamani nayo ina kazi ambayo watu hawaijui. Alumini na chuma vikigusana mahali penye unyevu, alumini huanza kuliwa na kugeuka unga mweupe. Rangi ya juu yake huvimba na kupasuka. Vile vipele unavyoviona kwenye kingo za milango ya Land Rover nzee, pale bati la alumini linapokumbatia fremu ya chuma, ni taarifa. Gari linakuambia maji yanaingilia wapi. Fundi rangi hulinyamazisha kwa puti na msasa. Puti hunyonya unyevu, na hapa kwetu, ambako mwaka wa kawaida hushusha zaidi ya milimita elfu mbili za mvua, unyevu hautafutwi. Masika moja inatosha. Vipele vinarudi, safari hii vikiwa na puti juu yake.

Najua haya kwa sababu nililipa ada.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Mbeya kutazama 109 kwa dalali mmoja. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mnunuzi mjanja hutembea na sumaku: ikinasa ni bati, ikianguka ni puti. Mfukoni nilikuwa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio. Nikaiweka mlangoni, ikaanguka. Nikaiweka kwenye mbawa, ikaanguka. Boneti, ikaanguka. Nikamgeukia dalali kwa sauti ya hakimu: bwana mkubwa, gari zima hili ni puti! Alicheka hadi akaegemea gari lenyewe. Akaniuliza kama nimewahi kuona sumaku inanasa sufuria. Vijana waliokuwa wakifungua tairi jirani nao wakacheka. Kwa aibu ile sikukagua kitu kingine chochote. Rangi ilikuwa kijani inayometa, hata chesisi ilikuwa nyeusi tii kama kiatu cha askari wa gwaride. Nikatoa pesa.

Mwezi wa nne, nikiteremka kutoka Tukuyu, mlango wa dereva ukaanza kukataa kufunga. Kesho yake wa abiria. Milango haikuwa na kosa. Chesisi ilikuwa inajikunja katikati kama mkeka. Fundi wa kuchomelea alipokwangua ule weusi mzuri alikuta mabati ya debe yamebandikwa juu ya matundu, na ndani ya matundu matambara yaliyoshindiliwa na kufunikwa kwa puti. Laiti ningelikuta gari hilo limepauka na lina kutu wazi, ningeliona kila kitu kwa kuinama tu. Ningeweza kugonga. Juu ya Land Rover sumaku ina maana kwenye chesisi na kwenye ule ukuta wa mbele, na kwingineko kidole cha yule mama wa Lyulilo kinafanya kazi nzuri zaidi.

Hapo watu huniambia: basi wewe unataka magari yaachwe yaoze. La hasha. Ipinda kuna mzee mmoja, dereva mstaafu, ana 109 ya mwaka 1973 ambayo haijawahi kuguswa na bomba la rangi. Kijani chake kimekuwa kama jani la mgomba lililokauka nusu. Nilipomtembelea alikuwa amelala chini ya gari, na mkononi ana kipande cha waya. Chesisi ya Land Rover ina matundu madogo upande wa chini ya kutolea maji. Kabla barabara ya Kikusya hadi Matema haijawekwa lami, tope letu lilikuwa likiyaziba, maji yakabaki ndani, na chuma kikaanza kuoza gizani. Mzee huyazibua kila mvua zikikatika. Haliegeshi gari juu ya majani. Amelitengenezea jukwaa la mbao chini ya paa la bati lisilo na kuta, hewa ipite. Madirisha madogo ya hewa chini ya kioo cha mbele hayafungi. Chesisi anaipaka oili kwa brashi, huku akikwepa mipira ya breki na bushi, maana oili hulainisha mpira hadi ukaharibika. Na kila wiki analitembeza, kwa sababu gari linaloketi chini ya mwembe mwaka mzima linakufa breki na sili kabla ya kitu kingine. Gharama ya yote haya haifiki hata bei ya galoni za rangi.

Mlangoni mwa gari lake, ukisimama jua likiwa limeinama, unasoma herufi zilizoandikwa kwa mkono: jina la chama cha ushirika. Serikali ilivivunja vyama vya ushirika mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Kwa hiyo herufi zile ziliandikwa ama katika miaka mitatu ya mwanzo ya gari hilo, ama baada ya vyama kurudi. Hakuna karatasi iliyobaki ya kuthibitisha gari lilifanya kazi gani. Mlango ndio karatasi. Msasa namba themanini ungeifuta kwa dakika kumi, huku redio ikipiga muziki.

Kuna wanaojibu kwa lugha ya fedha, kwamba rangi inaongeza bei. Kwa mnunuzi wa Kyela wa leo, labda. Lakini wanaolipa pesa za kweli kwa magari haya wanatazama kitu kingine. Ujerumani, gari lililotimiza miaka thelathini hupewa namba yenye herufi H kama bado liko karibu na hali yake ya asili. Uingereza, gari la miaka arobaini na zaidi linasamehewa ukaguzi wa kila mwaka mradi halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa. Watu hao huuliza kama namba iliyogongwa kwenye chesisi, upande wa kulia mbele pale springi inapofungwa, inalingana na kadi ya gari. Nimeona mafundi wakiipiga grainda namba hiyo ili rangi ikae vizuri! Oktoba 2024 Land Rover zilikusanyika Arusha kwa mamia na mamia, msafara mrefu ajabu, waandaaji wakitaka kuwapokonya Wajerumani rekodi. Nilifurahi kuona picha zake, ingawa nilizikuza moja moja nikitafuta iliyopauka.

Breki mbovu, badilisha. Tairi iliyoisha, tupa. Chesisi iliyotoboka, kata uchomelee chuma kipya, cha unene wake. Hata injini ya Kijapani naivumilia, kama ile ya zamani umeifunika turubai kwenye kona ya banda, maana kilichofungwa kwa bolti kinaweza kufunguliwa. Meli ya Liemba kule Ziwa Tanganyika ilitolewa mitambo ya mvuke ikawekewa dizeli, na bado ni Liemba. Tena meli hiyo ndiyo shahidi wangu mkubwa. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha karibu na Kigoma, ikiitwa Goetzen, ili maadui wao wasiipate. Kabla ya kuizamisha mafundi wake waliisiriba mitambo grisi nzito. Iliibuliwa majini 1924, ikarudi kazini 1927. Sijasikia popote kwamba kuna aliyehangaika na rangi yake.

Mafundi rangi siwalaumu sana. Wanafanya tunachowaagiza, na mtoto wa fundi naye anakula ugali. Mwenye lawama ni sisi tunaoona haya kuendesha kitu kinachoonesha umri wake, sisi ambao mzee wa miaka themanini tunamwamkia kwa adabu na gari la miaka hamsini tunalionea soni.

Yule mzee wa Ipinda nilimwomba aniuzie. Alicheka, akasema ndaga fijo, yaani asante sana, lakini wanawe wa Dar es Salaam wanalitaka. Nikamwandikia namba yangu kwenye boksi la sigara, nikamsihi asilibadilishe chochote. Akaniahidi.

Juma lililopita nilipita Kyela mjini. Chini ya mti, kwenye gereji ya rangi, kulikuwa na 109 imekwanguliwa hadi alumini, mlango wa upande wa dereva umeegemezwa ukutani, mtupu na mweupe. Wanawe walikuwa wamekuja likizo na zawadi ya baba. Vioo vilikuwa vimebandikwa magazeti ili visirukiwe na rangi. Nikasogea kusoma. Lililokuwa kwenye kioo cha mbele ni gazeti hili.