Maji Yakirudi Nyuma Ghafla

Sisi tukaao Kinindo tumeyazoea mawimbi ya Ziwa Tanganyika. Tsunami ni jambo jingine. Wimbi la kawaida husukumwa na upepo, nalo hufia ufukoni. Tsunami huzaliwa sakafu ya bahari inaposhtuka, na maji yote, toka chini hadi juu, huenda mbio pamoja.

Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilitikisika karibu na Sumatra. Baada ya saa saba hivi mawimbi yaliifikia Somalia, wakafa watu wapatao 300. Na Dar es Salaam walizama waliokuwa wakiogelea. Maji hayo hayaui kwa kuzamisha tu: hubeba mbao, mabati na matofali yanayoponda watu, kisha yarejeapo huwakokota walionusurika.

Ziwa letu nalo limelala katika Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.8. Basi wazazi, wafundisheni watoto: ardhi ikitetemeka sana, au maji yakirudi nyuma ghafla, wasibaki kuokota samaki mchangani. Wakimbilie upande wa milima, wala wasirudi baada ya wimbi la kwanza, kwani la pili huweza kulizidi.