Asasi za kiraia zisikilize, si kutangaza tu

Kurasa za Facebook za asasi nyingi za kiraia katika ukanda huu zinafanana: picha ya warsha hotelini, washiriki wamejipanga mstari mbele ya bango, na maelezo ya Kiingereza yanayomlenga mfadhili. Mwananchi anayeuliza swali chini ya picha hiyo hajibiwi. Hapo teknolojia imegeuzwa ubao wa matangazo.

Mifano ya kufanya vizuri zaidi ipo nyumbani. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi nchini Kenya, jukwaa la Ushahidi lilipokea taarifa za wananchi, zikiwamo za ujumbe mfupi wa simu, na kuziweka kwenye ramani. Mwaka 2011, UNICEF ilianzisha U-Report nchini Uganda, ambako vijana huulizwa maswali kwa ujumbe wa simu bila malipo, na matokeo kutangazwa. Mwaka huohuo, ukame ulipoikumba Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga kukusanya Sh500 milioni kwa wiki nne, nyingi zikitarajiwa kupitia simu za wananchi. Lengo hilo lilivukwa kabla ya muda.

Zote tatu hazikumtaka mwananchi awe na simu ya bei kubwa. Hilo ni muhimu, kwa sababu bando bado ni mzigo. Uganda iliwahi kutoza Sh200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, kisha mwaka 2021 ikaweka kodi ya asilimia 12 kwenye data. Asasi inayorusha video ndefu isifikiri imewafikia wote.

Chukua akina mama wanaouza nafaka na mboga katika mipaka ya Busia na Namanga. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unawahusu wenye mizigo isiyozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani. Ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa Kiswahili, kwenye kundi la WhatsApp, unaweza kumweleza mfanyabiashara karatasi anayopaswa kudai na kumwepusha na njia za panya. Asiye na simu janja apate namba ya kupiga bure.

Lakini kundi hilohilo likipokea malalamiko ya rushwa, jina na namba ya mlalamikaji vinaonekana na kila aliyemo. Asasi isiyoandaa njia ya siri inamweka hatarini mtu inayedai kumtetea.

Wafadhili nao wana sehemu yao. Badala ya kuuliza ukurasa una wafuasi wangapi, waulize ni maswali mangapi yamejibiwa na ni kero gani imeondoka. Mwananchi akiuliza mara mbili akakaliwa kimya, hatauliza mara ya tatu.