Akishatoka Mtaani, Tusimwache Njiani



Ijumaa moja ya mwezi uliopita tulisimama baada ya swala kuwaomba waumini mchango kwa ajili ya watoto wa Senegal waliokuwa wakilala mitaani, na ambao sasa wanalelewa katika kituo kimoja mjini Dakar. Kabla hatujamaliza maneno yetu, mzee mmoja wa safu ya mbele aliinua mkono akauliza maswali mawili. La kwanza: "Na hawa wanaolala pale stendi yetu, ni watoto wa nani?" La pili lilituinamisha vichwa: "Ule mchango wa mwaka juzi, mbona hatukusomewa hesabu?"

Makala ya leo ni jibu letu kwake, na kwa kila familia inayotoa kwa moyo mweupe kisha isijue kilichotoka mkononi mwake kimefika wapi.

Tuanze na watoto wenyewe. Nchini Senegal, kama ilivyo kwetu, wazazi wengi humkabidhi mwana wao kwa mwalimu wa Qur'an. Chuo huitwa daara, na mwanafunzi huitwa talibe. Zamani vyuo vingi vilikuwa vijijini. Watoto walisoma na kulima shamba la mwalimu, na mavuno ndiyo yaliyowalisha wote. Ukame wa miaka ya 1970 ulipowaondolea riziki hiyo, walimu wengi walihamia mijini, ambako hakuna shamba.

Wako walimu wengi waliobaki katika uadilifu, na hao tunawaheshimu. Lakini wako pia waliomfanya mtoto kuwa chumo. Hupewa kopo asubuhi, hupangiwa kiasi cha kuleta jioni, na asipokifikisha hupigwa. Human Rights Watch, shirika la haki za binadamu, lilitaja katika ripoti yake ya mwaka 2019 makadirio ya watoto zaidi ya 100,000 wanaolazimishwa kuombaomba. Baadhi yao wametoka nchi jirani za Gambia na Guinea-Bissau. Anayetoroka fimbo hana pa kwenda, ila kibarazani kwa watu na chini ya meza za sokoni.

Si kwamba hakuna sheria. Tangu mwaka 2005 Senegal inakataza kumtumia mtu kuomba kwa faida ya mwingine. Mwaka 2016 Rais Macky Sall aliamuru watoto waondolewe mitaani, na mamia wakaondolewa. Lakini wengi wao walirejeshwa kwa walimu walewale waliokuwa wamewatuma, nao wakashika tena makopo yao.

Hapo ndipo penye funzo. Kumtoa mtoto mtaani ni kazi ya siku moja. Kumzuia asirudi ni kazi ya miaka. Lazima atafutwe baba yake katika kijiji cha mbali, pengine ng'ambo ya mpaka. Apatikane wa kumsindikiza. Na akishafika, awepo mtu wa kurudi baada ya miezi kadhaa kuuliza kama anakula na kama anasoma. Asiye na pa kurudi atalelewa kituoni hadi ajue kazi ya mikono.

Aliyetuunganisha na kituo hicho ni ndugu Msenegali tuliyesoma naye chuoni Khartoum. Alitueleza jambo ambalo hatukulifikiria: mwezi wa Ramadhani mchele hujaa kituoni hadi mlangoni, ukifika Muharram, mpishi hukopa dukani. Watoto hawakosi wahisani, wanakosa wahisani wa kudumu. Nasi tumefundishwa kwamba amali ndogo isiyokatika ina uzito kuliko kubwa ya mara moja.

Kwa hiyo, ndugu zetu, hatuombi tena harambee ya siku moja. Tunaomba kila nyumba inayoweza iweke kibubu. Shilingi 500 kwa siku ni shilingi 15,000 kwa mwezi, na mtoto wako mwenyewe ndiye awe mtumbukizaji. Mweleze fedha hiyo ni ya nani. Kwa kuwa gharama za benki humeza kiasi kidogo kidogo, kamati itakusanya kila mwezi na kutuma kila baada ya miezi mitatu.

Zaka na sadaka zitakuwa na madaftari mbalimbali. Wanaostahiki zaka wametajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60, na mtoto fukara yumo. Ama nauli za wasindikizaji na mishahara, hizo tutazilipa kutokana na sadaka.

Wapo waliotuomba picha za watoto ili michango ichangamke. Tumekataa. Mtoto aliyekwisha kuombea chakula kwa uso wake asilazimishwe kuombea tena kwa picha yake. Surat al-Baqara, aya ya 264, imetuonya dhidi ya sadaka inayofuatwa na masimbulizi na udhia.

Sasa tumrudie mzee wetu. Kuhusu stendi, amesema kweli: wa karibu ana haki, na wa mbali hawezi kuwa kisingizio cha kumruka. Tumefungua daftari la pili, na wajumbe wawili huenda stendi kila Alhamisi baada ya Isha, kwanza kuwajua watoto kwa majina. Kibubu cha Dakar hakitaliwa na stendi, wala cha stendi na Dakar.

Kuhusu hesabu, kosa ni letu sisi viongozi. Ijumaa iliyopita tuliisoma, tukamkuta mzee ana haki ya kuuliza: sehemu ya fedha ile ilikuwa ingali benki. Hakuna aliyeila, lakini haikumfikia mlengwa pia, na kwa mwenye njaa hayo mawili hayana tofauti. Imekwisha kutumwa, na stakabadhi imebandikwa ubaoni mlangoni mwa msikiti. Kuanzia sasa hesabu itasomwa kila baada ya miezi mitatu. Tukichelewa, tuulizeni mbele ya watu, kama alivyofanya mzee wetu.

Tunamuomba Allah atukubalie kilicho chetu, atusamehe tulichochelewesha, na awape watoto hao, wa mbali na wa karibu, mahali pa kulala na wa kuwaita kwa majina yao. Amin.