Babu Yako Hakurudi Ndani Yako



Katika vijiji vyetu vya kando ya Ziwa Tanganika, kutoka Mboko hadi Swima na hadi Baraka, kuna maneno yanayosemwa kwa upole kiasi kwamba hakuna anayeyapinga. Mtoto akiipiga ngoma vizuri kabla hajafundishwa, huambiwa kwamba babu yake mpiga ngoma amerudi. Msichana akipenda kukaa peke yake ufukweni, husemwa kwamba ndani yake yumo mtu wa zamani anayeitwa na maji. Na siku hizi simu zimetuletea fundisho la pili: kijana akivutwa na lugha au muziki wa nchi asiyowahi kuikanyaga, huambiwa kwamba aliwahi kuishi huko katika maisha yaliyoyatangulia haya.

Sisi tunaofundisha katekisimu tunasema wazi kwamba mafundisho yote mawili ni ya uongo, hata yanaposemwa na watu wema. Tena yana gharama, na wanaoilipa ni ninyi vijana.

Hatuudharau mvuto wenyewe. Ni kweli kwamba moyo wa mtu unaweza kukipenda kitu kabla akili haijapata sababu. Tunachokataa ni majibu mepesi yanayotolewa juu yake.

Tuanze na jambo tulilo nalo hapa hapa. Vita vya mwaka 1996 na vile vilivyofuata viliwavusha ziwa watu wengi wa Fizi, na wengi wao waliishi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu nchini Tanzania, mbali na ziwa. Kuanzia mwaka 2005 watu walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, na miongoni mwao walikuwemo watoto waliozaliwa kambini. Mtoto wa namna hiyo akifika Swima na kuupenda uvuvi tangu siku ya kwanza kana kwamba anaujua, watu hustaajabu na kusema kwamba huyu ni babu yake mwenyewe. Lakini tuulize: kule kambini, jioni, wazazi walizungumza juu ya nini? Walizungumza juu ya ziwa. Walitaja ndagala, taa za wavuvi usiku, upepo unaopindua mitumbwi. Mtoto alinyonya habari za ziwa pamoja na maziwa ya mama. Amesahau kwamba alisikia, lakini alichosikia hakikumtoka.

Hata nchi za mbali zimeliona jambo hili. Mwaka 1952, katika jimbo la Colorado huko Marekani, mwanamke aitwaye Virginia Tighe alilazwa usingizi wa hipnosi, akaanza kusimulia maisha ya mwanamke wa Ireland wa karne ya 19 aitwaye Bridey Murphy. Kitabu kilichotolewa mwaka 1956 kiliwafanya watu wengi waamini kwamba amekumbuka maisha yake ya zamani. Waandishi wa gazeti walipouchunguza utoto wake, walikuta kwamba alipokuwa akikua Chicago aliishi mkabala na mwanamke mwenye asili ya Ireland aliyeitwa Bridie Murphy Corkell. Kumbukumbu iliyojificha ilikuwa imevaa nguo za maisha mengine.

Wengine watatutajia daktari Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyekusanya habari za watoto waliodai kukumbuka maisha ya awali. Kitabu chake cha mwaka 1966 kina visa 20. Lakini yeye mwenyewe, katika jina la kitabu, alisema tu kwamba visa hivyo vinaashiria, hakusema vinathibitisha. Tena visa vya namna hiyo hupatikana zaidi mahali ambapo watu tayari wanaamini kwamba wafu hurudi, na mara nyingi familia mbili zilikuwa zimekwisha kukutana kabla mchunguzi hajafika. Mahali wazazi wanapongoja kusikia habari za marehemu, mtoto hujifunza upesi kuzisema.

Je, basi hatukurithi kitu kutoka kwa mababu? Tumerithi mengi. Tumerithi umbo, sauti, wepesi wa mikono, sikio la kusikia mapigo. Tumerithi lugha, methali na desturi. Mjukuu wa mhunzi anaweza kuwa na mkono imara kama wa babu yake. Lakini mwili hurithisha uwezo. Haurithishi nafsi ya mtu wala kumbukumbu za maisha yake. Mbegu ya muhogo huzaa muhogo mwingine, na hakuna mkulima anayedai kwamba ni shina lile lile alilolivuna mwaka jana.

Nao wahenga wetu hawakuwa wajinga kama wanavyosingiziwa leo. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyeishi kati ya Waluba wa Katanga, aliandika mwaka 1945 katika kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kwamba watu waliposema marehemu amerudi katika mtoto, hawakumaanisha kwamba ni mtu yule yule. Babu mmoja aliweza kutajwa katika watoto kadhaa, naye akaendelea kuheshimiwa mahali pa wafu. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini za Kiafrika, alieleza vilevile kwamba wazo hilo lilihusu baadhi tu ya sifa za marehemu. Kumpa mtoto jina la babu ni heshima, na ni kamba inayoufunga ukoo pamoja. Anayeigeuza heshima hiyo kuwa fundisho la roho kuhama kutoka mwili hadi mwili hawatetei mababu. Anawasemea yasiyokuwa yao.

Imani yetu iko wazi. Waraka kwa Waebrania, sura ya 9 aya ya 27, unafundisha kwamba mwanadamu hufa mara moja tu, kisha huja hukumu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 366, inafundisha kwamba roho ya kila mtu huumbwa moja kwa moja na Mungu, na namba 1013 inakataa kwamba mtu hurudi duniani katika mwili mwingine baada ya kufa. Kila mwaka, tarehe 2 Novemba, tunawaombea marehemu wote. Kama babu yuko ndani ya mtoto anayepiga kasia pale Swima, tunamwombea nani kaburini? Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, na ndani yake, pamoja na watakatifu, wanaitwa pia wahenga waliokuwa na moyo mnyofu. Tazameni mahali walipowekwa: wako pamoja nasi mbele ya Mungu. Hawakuwekwa ndani yetu.

Mtatajiwa Maandiko. Mtaambiwa kwamba Yohane Mbatizaji alikuwa Eliya aliyerudi. Jibuni kwa Maandiko yale yale: Luka 1:17 inasema kwamba Yohane atatangulia kwa roho na nguvu ya Eliya, yaani katika utume wa namna yake, katika Yohane 1:21 yeye mwenyewe anakana kuwa Eliya, na mlimani, katika Mathayo 17, Eliya anatokea akiwa Eliya. Mtatajiwa pia Yeremia 1:5, ambapo Mungu anasema alimjua nabii kabla hajamuumba tumboni. Aya hiyo inasifu ujuzi wa Mungu. Haisemi kwamba Yeremia aliwahi kuishi mahali pengine.

Sasa tuitaje gharama tuliyoisema. Katika nchi hii iliyochoshwa na vita, kijana mwenye hasira huambiwa kwamba ana damu ya babu mpiganaji, na kwamba mkono wake unaitafuta silaha kwa sababu babu hajamaliza kazi yake. Maneno haya yamewapeleka watoto msituni. Marehemu hasemi, kwa hiyo kila mwenye kutaka askari humtia maneno kinywani. Gharama ya pili huwaangukia wadogo zaidi: mtoto anayependa upweke, au anayezungumza usiku, hushukiwa kuwa na mtu mwingine ndani yake, na kutoka hapo hadi kuitwa mchawi ni hatua moja. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, katika Yohane 9, walitaka kujua kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, na Bwana aliyakataa majibu yote mawili. Ezekieli, sura ya 18, aliikemea methali iliyowatwika wana makosa ya baba zao. Gharama ya tatu ni uvivu: anayeamini kwamba kipaji chake ni cha mtu mwingine haoni sababu ya kukifanyia mazoezi, wala ya kuwajibika anapokitumia vibaya.

Kama mnataka kuona mvuto usioelezeka ulio wa kweli, msiende mbali. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, na siku hiyo hiyo wakauawa Fizi Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenyeheri. Wamisionari watatu Waksaveri walitoka Bergamo na Vicenza, kaskazini mwa Italia. Hawakuwa na babu hata mmoja aliyezikwa kando ya ziwa hili. Ni damu gani iliyowavuta Fizi? Padri Joubert alizaliwa mwaka 1908 huko Saint-Louis ya Mrumbi, karibu na Moba, kwa baba Mfaransa na mama Mwafrika, katika ukoo wa Kapteni Joubert aliyekuwa askari wa Papa. Mtu anaweza kusema kwamba ushujaa ulikuwa katika damu. Lakini kapteni alishika bunduki, na padri alikufa mikono mitupu. Damu haikumwamulia. Aliitwa, akaitika.

Hilo ndilo neno tunalotaka mlishike: wito. Mvuto unaoukuta moyoni mwako ni swali ambalo Mungu anaruhusu uulizwe, na jibu ni lako. Upime: je, unakuza upendo, au unakuza kiburi na kisasi? Je, unawafaa wengine? Mpelekee katekista, padri au mzazi mwenye busara, aupime pamoja nawe. Kisha ufanyie kazi. Mwenye kupenda ngoma ajifunze ngoma, aipige katika Misa. Mwenye kupenda lugha ya mbali aisome. Mwenye kuliitikia ziwa awe mvuvi mwaminifu. Na anayehisi mkono wake ukiitafuta silaha ajue kwamba hakuna marehemu anayemtuma; anayemjaribu yuko hai, na anaweza kukataliwa.

Waheshimuni mababu kwa kuwaombea, kwa kuyatunza majina yao na kwa kutorudia makosa yao. Waacheni wapumzike. Maisha haya mliyopewa hayakuvaliwa na mtu mwingine kabla yenu.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Ni mvuto gani ulio nao ambao hujui ulitoka wapi? Ulipokuwa mdogo, ni nani aliyekuwa akizungumza juu ya jambo hilo karibu nawe?
2. Katika kijiji chetu, ni nani anayenufaika kijana anapoambiwa kwamba ana damu ya vita?
3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini ili mtoto anayeonekana tofauti na wenzake asishukiwe?