Kibaba cha Huzuni Nacho Kipimwe

Likizo iliyopita mpwa wangu, msichana wa kidato cha pili, alinijia na swali. "Mjomba," aliniambia, "shuleni tulipewa karatasi ya kupima mawazo. Nimepata kumi na moja. Je, mimi ni mgonjwa?"

Nilimwuliza alijibu nini. Usingizi haumtoshi, maana kengele hupigwa saa kumi na nusu alfajiri: alama tatu. Uchovu: tatu. Chakula hakipandi: tatu. Darasani akili hupotea kwa kusinzia: mbili. Msomaji, ni mwanafunzi gani wa bweni ambaye hangejibu hivyo? Karatasi ilipima kengele na maharagwe, moyo haikuugusa.

Mimi sipingi vijana kupimwa. Dhiki ya moyo haina joto la kushikwa kwa mkono kama malaria, na kijana asiyeulizwa huificha mpaka siku ya msiba. Lakini kipimo nacho hupimwa kabla ya kupima. Mizani ya muuza nyama hukaguliwa ikatiwa muhuri. Karatasi hii ilikaguliwa na nani?

Ni ile iitwayo PHQ-9, iliyotolewa Marekani mwaka 2001. Ina maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama kati ya 0 na 3, na mara nyingi anayefika 10 kati ya 27 huhesabiwa kuwa wa kuangaliwa. Walioitunga waliijaribu kwa watu wazima waliokwenda kliniki. Hilo si kosa lao. Kosa ni letu tunapouchukua mpaka ule wa 10 na kuwavika watoto wa bweni kama sare.

Njia ya kukagua ipo. Kwanza, maswali yatafsiriwe, kisha mtu mwingine ambaye hakuyaona ya asili ayarudishe katika lugha yalikotoka, ili kionekane kilichopotea njiani. Pili, vijana wachache waulizwe wameyaelewaje. Tatu, na hili ndilo kubwa, mtaalamu azungumze na vijana wale wale bila kujua alama zao, kisha uamuzi wake ulinganishwe na wa karatasi.

Tuseme katika wanafunzi 1,000, wanaougua ni 100. Karatasi ikiwanasa 80 kati yao tutaisifu. Lakini ikiwashika kimakosa 15 katika kila 100 ya wale 900 walio wazima, hao ni 135. Basi walioitwa wagonjwa ni 215, na wengi wao hawaumwi. Alama hupiga hodi tu, haitoi hukumu.

Kule Zimbabwe, Vikram Patel na wenzake walianza na maneno ya watu wenyewe. Hojaji yao ya Kishona yenye maswali 14, iliyochapishwa mwaka 1997, ilizingatia neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nasi je, hatusemi fulani "ana mawazo" na kila mtu akaelewa? Neno tunalo mdomoni. Mbona haliko kwenye karatasi?

Tena karatasi ijazwe kwa siri. Mpwa wangu alinieleza kuwa rafiki yake, aliyeketi kando yake, alilifuta jibu la swali la tisa, lile la kutamani kufa, alipoona mwalimu wa darasa akizikusanya karatasi zenye majina. Alipata nne. Kwa hesabu ya shule, huyo ni mzima.

Wakuu wa shule, nawaomba: msigawe karatasi kabla hamjajua nani ataisoma, nani atamwita mtoto faraghani, na siku hiyo hiyo.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba anahitaji kulala. Kisha nikachukua simu, nikampigia mama wa yule aliyepata nne.