Majibu ni Yake, Maswali ni ya Nani?

Juma lililopita tulipokea swali kutoka kwa mama mmoja wa huku kwetu Pwani aliyeolewa Lugulu, Kaunti ya Bungoma. Binti yake wa kidato cha tatu ameyatatua mazoezi yote ya kuandika programu yaliyomo katika kitabu chao cha kompyuta, na sasa ataka kuwagawia wenzake bure kwa WhatsApp. Baba amemkataza, akisema huo ni wizi. Mama atuuliza: mtoto atoaye elimu bila malipo aibaje?

Swali hili si dogo. Tumewalea wana wetu tukiwaambia kuwa kuificha elimu ni dhambi, na ni kweli. Lakini sadaka haitolewi kwa mali ya mwingine, na mwandishi hupata hasara ile ile, kazi yake iuzwe au igawiwe bure.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda maneno na mpangilio ambao mtu ameyavisha mawazo yake. Wazo lenyewe hailizuii. Njia ya kutafuta wastani wa alama za wanafunzi 40 haina mwenyewe. Programu aliyoiandika binti kwa akili yake ni kazi yake, na sheria huihesabu pamoja na kazi za maandishi. Ama maneno ya swali, michoro, na programu ambazo mwandishi alizianza ili mwanafunzi azimalizie, hizo ni za mwenyewe mpaka ipite miaka 50 baada ya kufa kwake. Na majibu yaliyonakiliwa kutoka mwongozo wa mwalimu si ya binti hata kidogo, ajapobadilisha majina mawili matatu.

Wako wasemao haya ni mambo ya Wazungu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 lilikata shauri kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisharia, wala haijuzu kuzivamia. Najua atakuja mwenzetu wa chuoni aseme: mbona wanazuoni wetu walisherehesha matni za wenzao, wakazinakili neno kwa neno? Naam, walifanya hivyo. Lakini walimtaja mwenye matni kabla ya kujitaja wao, na zama zile za kalamu ya mwanzi riziki ya mtunzi haikutegemea kuuzwa kwa nakala.

Kwa hivyo tulimjibu mama kwamba baba ana haki nusu. Binti na agawe majibu aliyoyatoa kichwani mwake, akitaja jina la kitabu, ukurasa na nambari ya zoezi, asinakili swali. Mwenye kitabu atafungua kitabu chake. Asiye nacho ataazima. Akitaka kuyaweka maswali pamoja na majibu, amwandikie mchapishaji aombe idhini, na jibu alihifadhi. Kama wenzake watayanakili majibu hayo daftarini bila kujaribu wenyewe, hilo ni deni lao kwa mwalimu wao.

Mama alituma tena ujumbe jioni: binti alikwisha tuma picha za kurasa nane kabla ya kukatazwa. Azifute, na awaombe wenzake nao wazifute.